Paka Hashibi kwa Wali: Kwa Nini Paka Huchagua Chakula

Kila mwaka upepo wa kusi unapoanza kuvuma na bahari kuchafuka, lalamiko la aina moja husikika katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, na ng'ambo ya kivuko huko Likoni. Wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki sana nje ya mwamba, samaki huadimika, bei hupanda, na vichwa vya changu na tafi ambavyo siku nyingine vingemwishia paka huingia kwenye sufuria ya supu ya wenye nyumba. Paka naye hutengewa wali uliobaki ukachanganywa na mchuzi, au sima, au konzi ya chakula kikavu cha dukani. Hunusa, huipa sahani mgongo, akaenda kuketi kizingitini. Hapo mabishano huanza: mmoja husema paka amedekezwa, wa pili husema amechoshwa na chakula kile kile, wa tatu husema chakula chenyewe ni kigeni kwake, na wa nne huuliza kama paka hana ugonjwa. Kwa maoni yangu, wanne hawa huzungumzia mambo manne tofauti huku kila mmoja akidhani wanabishania jambo moja.

Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha ya kuyatenganisha mambo hayo, ila hatuyatumii tunapomzungumzia paka. Kuchagua ni pale ambapo njaa ipo na chakula kipo, lakini mnyama anakitaka hiki na hakitaki kile. Kukinai ni kuchoshwa na chakula alichokuwa akikipenda, kwa sababu kimerudiwarudiwa. Kushuku ni kukiogopa chakula asichokijua. Kukosa hamu ni pale ambapo njaa yenyewe imeondoka, hivyo hata akiwekewa kile akipendacho kuliko vyote, hakigusi. Matatu ya kwanza ni tabia. La nne ni dalili ya ugonjwa, na lina saa yake inayohesabika, kama nitakavyoeleza.

Liko na neno la tano tunalolipenda zaidi, nalo ni kususa. Hilo ningeomba tuwaachie watoto. Mtoto hususa na kuisukuma sahani kwa sababu nduguye amepata kipande kikubwa. Ana kisa na anataka kisa hicho kijulikane. Paka hana ujumbe wowote anaoutuma kwa mwenye nyumba. Ameipima sahani kwa pua akaona si chakula, basi.

Tuanze na kuchagua, kwa kuwa ndiko kunakoleta zogo zaidi. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Methali hiyo huwalenga watu, lakini ukiichukua bila fumbo utakuta ni maelezo sahihi ya mwili wa paka. Binadamu na mbwa ni kama jiko la mafiga: ukilitia kuni litawaka, ukilitia vifuu litawaka, ukilitia makumbi litafuka moshi kidogo kisha litawaka. Paka ni jiko la gesi, na mtungi wake ni nyama. Ini lake limezoea kuchoma protini wakati wote, na uwezo wake wa kupunguza kasi hiyo siku ambayo protini ni haba ni mdogo sana. Vipo pia virutubisho ambavyo miili yetu hujitengenezea lakini mwili wa paka hauwezi kuvitengeneza vya kutosha, hivyo ni lazima avipate vikiwa tayari ndani ya nyama au samaki. Kimojawapo ni taurini, ambacho kikikosekana kwa muda mrefu huharibu retina ya jicho hadi mnyama akapofuka, na hudhoofisha misuli ya moyo. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo uliotanuka walikuwa na upungufu wa taurini, na kwamba wengine walipona walipoongezewa. Watengenezaji wa vyakula vya paka walilazimika kurekebisha vipimo vyao baada ya hapo.

Sasa turudi kwenye ile sahani ya wali. Wali si sumu, na paka anaweza kusaga kiasi fulani cha wanga uliopikwa. Tatizo ni kipimo. Mwaka 2011 watafiti wa kituo cha Waltham nchini Uingereza walichapisha matokeo ya majaribio ambamo paka waliachiwa wajichagulie kutoka kwenye vyakula vyenye viwango mbalimbali vya protini, mafuta na wanga. Bila kufundishwa na mtu, paka walielekea kwenye mchanganyiko ambao takribani asilimia 52 ya nishati yake ilitoka kwenye protini, asilimia 36 kwenye mafuta, na asilimia 12 tu kwenye wanga. Walipopewa chakula chenye wanga mwingi bila hiari nyingine, walifika mahali wakakoma, hata kama protini waliyoihitaji ilikuwa haijatimia. Kwa hiyo paka anayekula matonge mawili ya wali na mchuzi kisha akaondoka, huku bado analia mlangoni, haringi wala hadanganyi. Ameshiba kile asichokitaka kabla hajafikia kile anachokihitaji.

Ulimi wa paka nao umeumbwa kwa kazi hiyo hiyo. Binadamu ana vinundu vya kuonjea vinavyokadiriwa kufikia 9,000, ilhali paka ana takribani 470 tu, na katika hivyo hakuna kinachotambua sukari. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell huko Philadelphia, Marekani, pamoja na wenzao, waligundua kwamba mojawapo ya jeni mbili zinazohitajika ili kuhisi utamu imeharibika kwa paka na haifanyi kazi, na hali ni hiyo hiyo kwa simbamarara na duma. Paka anayelamba bakuli la tui au anayeiba kaimati haufuati utamu, anafuata mafuta. Kinyume chake, ile ladha nzito tunayoipata kwenye supu ya mifupa iliyochemka usiku kucha huipata vizuri sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba vipokezi vya ladha hiyo kwenye ulimi wa paka huchangamshwa zaidi na mchanganyiko wa kemikali ambao jodari anao kwa wingi. Wauza samaki wa Bandari ya Kale hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Wao hufunika jodari kwanza, samaki wengine baadaye.

Hata hivyo, kabla ulimi haujafanya kazi yoyote, pua huwa imekwisha kutoa hukumu. Nyumbani kwetu tuna paka jike aitwaye Shombo, jina alilopewa kwa sababu alipatikana akiwa mchanga, amelala ndani ya kapu la mchuuzi wa samaki. Siku moja nilimtengea dagaa waliochemshwa, waliokuwa wamelala kwenye friji. Alikuja, akainamisha kichwa, akaondoka bila hata kulamba, akapanda ngazi hadi mapumzikoni. Mama mkubwa, ambaye alikuwa amekaa mlangoni akikuna nazi, alicheka akasema, "Mchagua nazi hupata koroma, mwambie." Niliwamwagia dagaa wale maji ya moto, kiasi cha vijiko viwili vya chai, nikawavurugavuruga kwa kidole. Mvuke ukapanda, na shombo ikaenea ukumbini. Shombo mwenyewe alishuka ngazi kwa haraka, akala dagaa wale wale, kwenye sahani ile ile, mpaka akailamba sahani.

Maelezo yake ni mepesi. Mawindo yaliyokamatwa sasa hivi yana joto la mwili, na joto la mwili wa paka mwenyewe ni takribani nyuzi 38. Chakula kilichotoka kwenye friji hakitoi harufu, na kisichotoa harufu, kwa paka, ni mawe. Ndiyo sababu paka mwenye mafua, ambaye pua yake imeziba, huacha kula kabisa hata kama tumbo lake halina kasoro. Hali yetu ya hewa hapa pwani huleta shida ya pili. Chakula chenye majimaji kikiachwa kwenye sahani tangu asubuhi, katika joto la Februari, kabla ya adhuhuri huwa kimechacha na kuzingirwa na sisimizi. Na chakula kikavu kinachopimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi hunyonya unyevu na mafuta yake huvunda. Sisi tunaona punje zile zile. Paka anasikia harufu nyingine kabisa.

Kukinai na kushuku huonekana kama mambo yanayopingana, na kwa kweli paka mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Paka aliyelishwa chakula kimoja kwa majuma mengi mara nyingi hukirukia kipya kwa shauku, akakila kwa siku kadhaa, halafu akakiacha. Mwenye nyumba aliyenunua mfuko mkubwa kwa furaha hubaki nao. Paka huyo huyo akihamishiwa nyumba ngeni, au akiwa na hofu kwa sababu ya wageni, fataki za sikukuu au paka mwingine aliyeletwa, hatataka chochote asichokizoea. Msituni tabia zote mbili zina faida: kubadili mawindo huleta virutubisho mbalimbali, na kutilia shaka kisichojulikana huepusha sumu. Shuku hiyo ina kumbukumbu ndefu. Paka aliyetapika baada ya kula chakula fulani anaweza kukikataa kwa muda mrefu, hata kama kilichomtapisha ni kitu kingine. Kwa hiyo kusaga tembe ya minyoo ndani ya samaki anayempenda ni kosa ninaloliona likirudiwa kila mahali: hutapoteza dawa tu, utapoteza na samaki.

Mengi ya mazoea hayo huanza utotoni, na mengine kabla ya kuzaliwa, kwa kuwa harufu ya chakula cha mama huwafikia wanawe tumboni na kupitia maziwa. Mwaka 1978 mtafiti Wanda Wyrwicka alichapisha jaribio ambalo kila nikilikumbuka hunichekesha. Paka majike walifunzwa kula ndizi, na watoto wao, walipokuwa wakianza kuachishwa maziwa, waliwafuata mama zao wakala ndizi ilhali nyama ilikuwepo. Paka aliyekulia chini ya meza za soko la samaki, kwa hiyo, ana orodha yake ya vyakula halali, na punje ngumu zenye umbo la nyota hazimo. Si kwamba haziwezi kuingia. Zinahitaji kuingizwa polepole, zichanganywe kidogo kidogo na chakula cha zamani kwa muda wa siku saba hadi kumi, zikilowekwa kwa maji ya uvuguvugu au mchuzi wa samaki usiotiwa chochote.

Jambo jingine linalotuchanganya ni idadi ya milo. Sisi huketi kwa mlo mara mbili au tatu kwa siku, tukala tukashiba. Paka ni mwindaji wa vitu vidogo. Panya mmoja mdogo humpa takribani kalori 30, naye, akiwa na kilo nne, huhitaji kama kalori 200 hadi 250 kwa siku, ndiyo kusema panya saba au wanane. Akiachiwa uhuru atakula milo kumi na zaidi, kila mmoja ukiwa mdogo. Kuacha nusu sahani ni kawaida yake. Tena paka wa Mombasa, hasa wa nyumba zilizopakana, mara nyingi huwa na nyumba tatu. Asubuhi hupewa kichwa cha samaki huku, adhuhuri ngozi ya kuku kule, na jioni hurudi kwa mwenyewe akanusa na kuondoka, naye mwenyewe akasononeka kwamba mnyama hali. Kabla ya kumpeleka kwa daktari, ni vyema kuulizana na majirani.

Sasa niyaguse yale yanayosemwa barazani. Maziwa si chakula cha paka mkubwa. Wengi wao hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa baada ya kuachishwa, wakaishia kuharisha. Mchuzi wetu, pamoja na utamu wake wote, una kitunguu maji na kitunguu saumu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi au vimepikwa. Anayeukataa ana haki. Samaki peke yake kila siku pia si salama kama tunavyodhani: baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoangamiza vitamini B1, na mlo wa samaki wenye mafuta mengi usio na vitamini E ya kutosha husababisha uvimbe wenye maumivu kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Naye paka aliyezoezwa maini matupu, akakataa kila kitu kingine, hujirundikia vitamini A hadi mifupa ya shingo na uti wa mgongo ikakakamaa. Anayetaka kumlisha paka wake kwa vya nyumbani bila gharama kubwa atafute mioyo na firigisi za kuku, ambazo wachinjaji huziuza kwa bei nafuu, pamoja na dagaa waliooshwa chumvi, awachemshe bila viungo, na asiyamwage maji, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Hata hivyo, chakula cha paka kilichotengenezwa kwa vipimo kamili hubaki kuwa msingi ulio salama zaidi, na hivi vya jikoni viwe nyongeza.

Imani moja, hata hivyo, ni ya hatari kuliko zote hizo. Ni ile isemayo kwamba njaa itamfunza adabu. Mbwa mwenye afya anaweza kukaa siku moja au mbili akarudi kwenye sahani bila madhara. Paka akikaa bila kula, hasa akiwa mnene, mwili huanza kuyasafirisha mafuta yake kwenda kwenye ini yageuzwe nishati, na ini lake hulemewa. Ni kama soko la Marikiti siku lori kumi za viazi zinapofika kwa pamoja na wapakuzi ni wawili tu: mzigo hurundikana mlangoni, na hata biashara nyingine haipiti. Mafuta yakijaa kwenye ini, paka huwa na kichefuchefu, na kichefuchefu humzuia kula zaidi. Hali hii inaweza kuanza baada ya siku chache tu, fizi na weupe wa macho vikageuka manjano, na bila matibabu humuua. Kwa hiyo paka mkubwa ambaye hajagusa chakula chochote kwa saa 24 anafaa kuulizwa kwa daktari wa wanyama, na akifikisha saa 48 asisubiri tena. Mtoto wa paka asingojwe hata nusu ya muda huo. Wala asipewe dawa za maumivu za binadamu wakati wa kungoja, kwa kuwa parasetamoli, hata kipande cha tembe, inaweza kumuua.

Watu huniuliza namna ya kutofautisha kuchagua na kukosa hamu. Jibu la kawaida ni kumwekea paka kile akipendacho zaidi, kikiwa na joto: akikila, alikuwa akichagua, akikiacha, ni mgonjwa. Jibu hilo lina pengo, nami nililijua kwa makosa yangu mwenyewe. Shombo alipofika umri wa miaka tisa alianza kuziacha punje zake kavu, lakini mchuzi wa jodari aliulamba. Nikasema ni nyodo za uzee. Kwa siku mbili nilimwona akija sahanini kwa haraka, akainamisha kichwa upande mmoja, akachukua kipande, akakidondosha, akakitazama, akaondoka. Mama mkubwa ndiye aliyesema, bila mzaha safari hii, "Huyu njaa anayo. Mdomo ndio hana."

Daktari alipomfunua mdomo alituonyesha gego la nyuma lililooza, fizi imevimba na kuwa nyekundu kama ndani ya komamanga. Alitaka kujua mara ya mwisho paka alikula lini na kiasi gani, kama alikuwa akinywa maji zaidi ya kawaida, jambo ambalo kwa paka wazee huashiria figo, kama uzito ulipungua, na kama alitapika. Niliweza kujibu nusu tu ya maswali hayo. Gego lilitolewa kwa nusukaputi, tukapewa dawa, tukaagizwa kumpa chakula laini.

Siku ya nne jioni nilimwekea dagaa waliosagwa, wenye uvuguvugu. Alinusa, akala kwa upande wa kushoto wa mdomo, akaacha nusu. Kisha akaruka ukuta kwenda kwa jirani, ambako walikuwa wakikaanga papa.